Pedi za breki kwa gari la kazini linaloingia pia uwanja wa mbio

Ingia duka lolote la spea Kirinyaga Road, Nairobi, uombe pedi "kali", na hutatoka mikono mitupu. Huenda ulichouziwa kikawa kizuri, huenda kisiwe, lakini swali lenyewe limekosewa. Kwa gari linalokwenda kazini Jumatatu na kuingia uwanjani Jumapili, ulizia joto: diski zako zinafika nyuzi ngapi, na pedi unayotaka kununua inashika vizuri kuanzia nyuzi ngapi hadi ngapi. Kelele, vumbi na bei vinafuata baadaye.

Hapa nitatumia mfano wa Subaru Impreza ya turbo, gari ambalo vijana wengi Kenya huanzia nalo wakitaka kujaribu mbio za muda. Ukiwa na Evo, Altezza au Golf GTI, hesabu ni ile ile, maana uzito haupishani sana.

Na jambo moja tulimalize mapema. Kama breki za gari lako sasa hivi zinaweza kuamsha ABS (mfumo unaozuia tairi zisijifunge) ukikanyaga kwa nguvu, basi pedi kali zaidi haitafupisha ule umbali wa kusimama mara moja. Tairi ndizo zilizofika mwisho hapo. Pedi ya uwanjani unainunua ili raundi ya sita gari lisimame kama lilivyosimama raundi ya kwanza.

Hatua ya 1: Vua tairi uone kilichomo

Jina la gari peke yake halitoshi. Impreza mbili zimeegeshwa ubavu kwa ubavu, zote buluu, zote na bomba kubwa, na breki zake hazifanani hata kidogo. Moja ina kalipa (kibano kinachobana pedi kwenye diski) ya kuteleza na diski ya mbele ya milimita 277 hivi. Nyingine ina kalipa ya Subaru yenyewe ya pistoni nne na diski ya milimita 294. STI, toleo kali zaidi la Impreza, inakuja na kalipa ya Brembo ya pistoni nne na diski ya milimita 326, ndiyo maana haikubali rimu ndogo kuliko inchi 17. Pedi ya hii haiingii kwenye ile. Tena magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa yameshatumika, na mwenye gari wa kwanza huenda alishabadilisha vitu ambavyo kadi ya gari haivitaji.

Kwa hiyo pandisha gari kwenye jeki, weka stendi, vua tairi, uandike aina ya kalipa, kipenyo cha diski na unene wake. Unene wa mwisho unaoruhusiwa umechorwa kwenye diski yenyewe, mara nyingi kwenye kofia ya katikati au ukingoni: tafuta herufi MIN TH na tarakimu za milimita. Pima pale pedi inapopita. Ukingo wa nje haujaliwa, na ukiupima utajidanganya. Diski ikiwa imekaribia kikomo, pesa ya pedi iweke kwenye diski kwanza, kwa sababu chuma kilichopungua ni mahali pa kuhifadhia joto palipopungua.

Ukiwa hapo hapo, chomoa pedi za zamani uzilinganishe. Pedi ya ndani ikiwa imeliwa sana kuliko ya nje kwenye kalipa ya kuteleza, pini ambazo kalipa inatelezea zimekauka au zimeganda. Zisafishe, zipake grisi inayostahimili joto, usitumie ile ya bearing. Angalia na mipira inayozunguka pistoni, na hosi za breki kama zimepasuka. Hakuna pedi duniani itakayotibu pini iliyoganda, na nimeona watu wakibadilisha aina tatu za pedi wakitafuta ugonjwa uliokuwa kwenye pini.

Mwisho, tafuta namba ya umbo la pedi. Watengenezaji wengi hutumia namba za FMSI, orodha ya Kimarekani ya maumbo ya pedi: herufi D ikifuatwa na tarakimu. Pedi ya mbele ya Brembo ya STI, kwa mfano, ni D1001, umbo lile lile linaloingia kwenye Brembo ya mbele ya Mitsubishi Evo. Ukiomba kwa namba, muuzaji hakisii, nawe hurudi dukani mara ya pili.

Hatua ya 2: Kadiria joto la uwanja wako

Breki hugeuza mwendo kuwa joto, na mwendo unalipishwa kwa mraba: ukiuzidisha mara mbili, joto linazidi mara nne. Chukua gari la kilo 1,400. Kulisimamisha kutoka kilomita 60 kwa saa, mwendo wa mjini, ni karibu kilojuli 194. Kulipunguza kutoka 160 hadi 60, kama mwisho wa njia ndefu iliyonyooka, ni karibu kilojuli 1,190. Hiyo ni mara sita, na gari halijasimama hata. Joto hilo lingechemsha lita tatu na nusu za maji ya bomba, kwa breki moja ya sekunde chache.

Linakwenda wapi? Sehemu kubwa inaingia diski za mbele. Tuseme asilimia 70 imekwenda mbele, na kila diski ya mbele ina kilo 8: kila breki ya namna hiyo inapandisha diski kiasi cha nyuzi 110 za Selsiasi. Upepo unazipoza kidogo, kisha kona inayofuata inaongeza tena. Raundi tatu tu, na uko juu ya nyuzi 400. Gari la mjini, kwa kulinganisha, hukaa chini ya nyuzi 200 karibu maisha yake yote, isipokuwa kwenye miteremko. Aliyewahi kushuka Kitonga nyuma ya malori, au ule mteremko wa Mai Mahiu, anaijua harufu ninayoisema.

Sasa uangalie uwanja wenyewe. Mwendo wa juu si kipimo pekee. Muhimu pia ni muda unaopata kati ya breki moja na nyingine. Whistling Morans pale Athi River ni uwanja mfupi wa kona nyingi. Hufiki mwendo wa kutisha, lakini hupati nafasi ya kupoza, kwa hiyo joto linajikusanya polepole. Wenzetu walioko Ghuba wakienda Yas Marina, Abu Dhabi, wanakutana na kinyume chake: njia iliyonyooka inayozidi kilomita moja, mwendo mkubwa, breki moja nzito, na hewa ya nje yenyewe ni moto. Nordschleife ya Ujerumani ina kilomita 20.832 na inafunguliwa kwa magari ya kawaida siku fulani. Huko mteremko mrefu unaweza kumaliza breki za mtu ambaye hajui hata kama amezitumia sana. Mbio za muda za kupanda mlima ni rahisi zaidi kwa breki, kwani mlima unakusaidia kupunguza mwendo, na jaribio moja huisha kabla diski hazijaiva.

Wekea uwanja wako moja ya alama tatu: mwepesi (jaribio moja moja, au raundi mbili tatu), wa kati (dakika 10 hadi 15 mfululizo kwenye uwanja mfupi), mzito (dakika 20 na zaidi, mwendo wa 160 kwenda juu). Iandike alama hiyo mahali. Utaihitaji hatua ya tano.

Hatua ya 3: Mafuta ya breki kabla ya pedi

Ningekuwa na uwezo wa kulazimisha jambo moja tu kwa kila anayeingia uwanjani mara ya kwanza, ningelazimisha hili. Breki hufa kwa njia mbili, na dawa zake ni tofauti.

Njia ya kwanza, pedali ni ngumu kama kawaida, unakanyaga kwa nguvu zote, gari halipungui. Hiyo ni pedi iliyozidiwa na joto. Gundi inayoshikilia mchanganyiko wake imeanza kuungua na msuguano umeshuka. Njia ya pili, pedali inakuwa laini, inazama, unapampu mara mbili tatu ndipo inapata kitu. Hayo ni mafuta yaliyochemka ndani ya kalipa. Mvuke unabanwa, mafuta hayabanwi, na mguu wako unabana mvuke. Ya pili ni hatari zaidi kwa sababu inakuja ghafla, na pedi ya bei kali haiizuii hata kidogo. Inaweza hata kuiharakisha: pedi inayovumilia joto inakuruhusu kuendelea kukanyaga hadi kalipa ipikike.

Mafuta ya breki ya kawaida hunyonya unyevu wa hewani, na unyevu unashusha kiwango chake cha kuchemka. Madaraja yake huitwa DOT. DOT 3 mapya yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 205. Yakishanyonya maji asilimia 3.7, kiwango kinachokubalika ni 140. DOT 4 ni 230 na 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Mafuta ya mbio yanakwenda mbali zaidi: Motul RBF 600, kwa mfano, yakiwa mapya yanachemka kwenye nyuzi 312. Ukiishi Mombasa, Tanga au Unguja, hewa yenyewe ina maji, kwa hiyo usisubiri miaka miwili iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Yabadilishe kabla ya siku yako ya kwanza uwanjani, toa upepo magurudumu yote manne, na chupa iliyofunguliwa ikakaa kabatini miezi usiitumie tena.

Usichanganye na DOT 5. Hayo ni ya silikoni, hayachanganyiki na DOT 3, 4 wala 5.1, ingawa jina linafanana.

Hatua ya 4: Soma pedi yenyewe, achana na boksi

Shika pedi mkononi uigeuze ubavu. Pembeni mwa kile kitambaa cha msuguano, au mgongoni kwenye bati, utaona mstari wa herufi na tarakimu umepigwa kwa wino au muhuri. Pedi nyingi zinazouzwa Marekani, na nyingine nyingi pia, humaliza mstari huo kwa herufi mbili: EF, FF, GG na kadhalika. Herufi ya kwanza ni msuguano pedi ikiwa katika joto la kawaida, ya pili ni ikiwa moto. E ni kati ya 0.25 na 0.35. F ni 0.35 hadi 0.45. G ni 0.45 hadi 0.55, na H ni zaidi ya hapo.

Zinasaidia, ila usiziamini kupita kiasi. Kipimo hicho kinafanywa kwa kipande kidogo cha inchi moja ya mraba, na sehemu yake ya moto inaishia karibu nyuzi 343. Wewe ukiwa uwanjani unataka kujua nyuzi 550 kuna nini, na herufi hizo hazikuambii lolote. Ninazitumia kwa jambo moja tu: kukataa. Pedi yenye EE, au ambayo herufi ya pili ni ndogo kuliko ya kwanza, kama FE, naiacha dukani.

Mgongoni tafuta pia herufi E ndani ya duara ikiwa na namba, na karibu yake maandishi yanayoanza na 90R. Hiyo ni alama ya kanuni ya R90 inayotumika Ulaya: pedi ya kubadilishia imethibitishwa kwamba utendaji wake haupishani na ule wa pedi ya kiwandani kwa zaidi ya asilimia 15. Kwa gari la barabarani ni alama nzuri sana kuiona. Pedi nyingi za mbio hazina, na ukiwa Ujerumani huruhusiwi kuzitumia barabarani bila hiyo. Kwetu hakuna atakayekusimamisha kwa ajili hiyo, lakini kukosekana kwake kunakuambia pedi ilitengenezwa kwa kazi gani.

Jambo la tatu kwenye pedi ni kama ni ya kweli. Majina makubwa ya breki yanaigwa sana. Iliyoigwa mara nyingi ina bati lenye kingo za ovyo, rangi iliyochuruzika, maandishi ya boksi yasiyolingana na ya kwenye bati, na namba ya toleo inayofanana kwenye kila boksi dukani. Fungua maboksi mawili, linganisha. Muuzaji akikataa usifungue, huyo amekwisha kukujibu. Ukinunua pedi ya uwanjani, agiza kwa wakala anayetambuliwa na mtengenezaji hata kama itachukua wiki mbili.

Hatua ya 5: Chagua kundi kwanza, jina baadaye

Pedi za oganiki ni tulivu, hazili diski, hazina vumbi kali, na zinaanza kulegea mapema joto likipanda. Ni za mjini, basi.

Seramiki za barabarani zina sifa karibu hizo hizo, zikiwa na vumbi jeupe-jeupe lisilochafua rimu. Watu huzipandisha hadhi kwa sababu ya jina. Wanasikia magari ya bei mbaya yana breki za kaboni-seramiki wakadhani ni kitu kimoja. Zile ni diski. Pedi ya seramiki ya sedani ya familia haina undugu nazo, na uwanjani itakuangusha.

Nusu-metali ndipo kazi yako inapoanzia. Nyuzi za chuma zilizomo zinabeba joto na kuendelea kushika juu zaidi. Ndani ya kundi hili kuna pedi za barabarani zilizotiwa ukali kidogo, na kuna zile zilizotengenezwa hasa kwa mtu wa pande mbili, mjini na uwanjani. Ferodo DS2500 ni mfano unaojulikana zaidi wa aina hii ya pili: mtengenezaji anaitangaza kwa msuguano wa wastani wa 0.42 kati ya nyuzi 20 na 500. Tazama mwanzo wa hiyo safu, 20, maana yake asubuhi ya baridi inashika. Tazama na mwisho, 500, maana yake uwanja mzito utaimaliza. Hawk HP Plus na EBC Yellowstuff zinacheza uwanja huo huo, kila moja na tabia yake. HP Plus inapiga kelele na kumwaga vumbi, usiseme hukuambiwa.

Kundi la mwisho ni za mbio, kama Hawk DTC-60, Pagid RS29 au Ferodo DS1.11. Hizi zinavumilia joto ambalo lingegeuza pedi ya kawaida kuwa makaa. Ila nyingi zinataka zipashwe moto kwanza. Zikiwa baridi, zinashika vibaya au kwa kushtukiza, zinalia, na zinasaga diski. Hebu fikiria: saa kumi na mbili asubuhi, mvua inanyesha, unatoka getini, mtoto wa shule anavuka, na pedi zako zinahitaji nyuzi 150 ndipo ziamke. Hili ndilo ninalowaambia wanaotaka kuendesha pedi za mbio mjini kwa sababu "breki haziwezi kuwa nzuri kupita kiasi".

Rudi sasa kwenye alama yako. Uwanja mwepesi: nusu-metali nzuri ya barabarani na mafuta mapya vinatosha, usitumie pesa zaidi. Wa kati: pedi ya pande mbili, mfano wa DS2500. Mzito: pedi za mbio, na hapo hatua ya sita haikwepeki.

Kama gari lina nguvu nyingi zaidi ya lilivyotoka kiwandani, au lina uzito wa kilo 1,700, panda kundi moja. Tairi za mbio nazo zinapandisha, kwa sababu tairi inayoshika zaidi inakuruhusu kufunga breki kwa nguvu zaidi, na joto linafuata.

Hatua ya 6: Seti moja au mbili?

Kwa uwanja mwepesi na wa kati, seti moja. Kwa uwanja mzito, seti mbili: za mjini na za mbio. Pedi moja inayodaiwa kufanya yote kuanzia foleni ya Mombasa Road hadi nyuzi 700 ni ya kwenye tangazo.

Seti mbili zinaonekana ghali ila hesabu inageuka haraka, kwani za mbio hazilikii mjini na za mjini haziungulii uwanjani. Kwenye Brembo ya pistoni nne kubadilisha ni kazi ya dakika chache: unang'oa pini mbili na springi yake, pedi zinatoka kwa juu bila kufungua kalipa. Kwenye kalipa ya kuteleza unafungua boliti ya chini, unainua.

Tatizo ni diski. Pedi inapofanya kazi huacha utando wake mwembamba juu ya diski, na sehemu kubwa ya kushika hutokana na pedi kusugua utando huo. Ukiweka pedi ya aina nyingine juu ya utando wa kigeni, gari linaweza kutetemeka ukikanyaga breki, na fundi atakuambia diski imepinda ikachongwe. Mara nyingi haijapinda, imepakwa mabaka. Wenye uwezo huwa na diski mbili pia. Wasio na uwezo wachague pedi za mjini na za mbio kutoka kwa mtengenezaji mmoja, za familia zinazopatana, na wafunge zile za mbio nyumbani kabla ya kuondoka: pedi ya mbio ikiwa baridi inasaga, na njia ya kwenda uwanjani itakuwa imesafisha diski. Acha nafasi kubwa mbele yako, breki za njiani zitakuwa hafifu.

Hatua ya 7: Mbele na nyuma

Fupi hii. Usiweke pedi kali nyuma huku mbele ukiacha za kawaida. Nyuma ikifunga mapema gari linageuka, na kwenye kona ya mwendo hutalirudisha. Aina moja pande zote ndiyo salama zaidi. Bajeti ikibana, weka bora mbele na za barabarani nzuri nyuma, ujue kwamba mbele itabeba mzigo zaidi na kuchoka mapema.

Hatua ya 8: Kufunga na kuzizoesha

Usipulize vumbi la breki za zamani kwa hewa ya kompresa, hata kama kila gereji inafanya hivyo. Ulaya ilipiga marufuku asbesto ifikapo 2005, lakini hujui pedi za gari lako zilitengenezwa wapi, na vumbi lolote la breki halina faida kifuani. Lowesha kwa dawa ya kusafishia breki, futa kwa kitambaa, tupa kitambaa.

Safisha diski mpya mafuta yake ya kiwandani. Rudisha pistoni taratibu huku ukitazama chupa ya mafuta isifurike. Mafuta hayo yanakula rangi ya gari. Grisi kidogo sana mgongoni mwa pedi na kwenye masikio yake, wala isiguse uso. Kabla ya kusogeza gari hata hatua moja, pampu pedali hadi iwe ngumu. Ukisahau, breki ya kwanza itazama hadi sakafuni.

Kisha zizoeshe. Tafuta barabara iliyo wazi, isiyo na watu wala magari nyuma yako. Kutoka kilomita 100 kwa saa punguza hadi 20 kwa breki nzito isiyoamsha ABS, usisimame kabisa, ongeza mwendo, rudia. Mara nane hadi kumi mfululizo. Harufu itatokea, pengine na moshi mwepesi. Ni kawaida kwa pedi mpya. Baada ya hapo endesha dakika kumi bila kugusa breki ila kwa lazima. Kosa linaloharibu kazi yote ni kusimama na kubaki umekanyaga pedali diski zikiwa za moto, kwa sababu pedi inaacha chapa yake pale pale, na tetemeko unalo tangu siku hiyo. Diski iliyozoeshwa vizuri ina rangi ya kijivu cha buluu, sawasawa kote, bila mabaka.

Pedi za mbio hazifiki joto lake barabarani. Zizoeshe uwanjani, kipindi cha kwanza, kwa kuongeza nguvu ya breki raundi hadi raundi kisha uingie ndani upoze.

Hatua ya 9: Siku ya kwanza, soma kilichotokea

Kuna rangi maalumu za kupaka ukingoni mwa diski zinazobadilika zikifika joto fulani. Za AP Racing ndizo maarufu: ya kijani inageuka nyeupe ikipita nyuzi 430, ya chungwa inageuka njano ikipita 560, na nyekundu inageuka nyeupe ikipita 610. Mistari mitatu midogo inakupa jibu ambalo kipimajoto cha kuelekeza hakikupi, kwa sababu hicho unakitumia baada ya kuingia ndani, diski zikiwa zimeshapoa. Kijani peke yake ikigeuka, pedi ya pande mbili inakufaa. Chungwa ikigeuka, panda kundi. Zote tatu zikigeuka, tatizo si la pedi tu: unahitaji upepo wa kupoza, kwa mabomba yanayoelekezwa kwenye diski, au vipindi vifupi zaidi.

Kwa kuanzia, raundi tatu nne, kisha raundi moja nzima ya kupoza bila kugusa breki. Ukiegesha usivute hendibreki. Weka gia na kigingi chini ya tairi. Gari likishapoa vya kutosha, vua tairi moja ya mbele. Kingo za pedi zikiwa zimemong'onyoka, au zimegeuka kijivu cheupe kama majivu, pedi ilizidiwa. Rangi ya bati mgongoni ikiwa imeungua ikatoka, joto limefika hadi kwenye pistoni, na mafuta yabadilishwe kabla ya siku nyingine. Nyufa nyembamba kama unywele juu ya uso wa diski huvumilika. Ufa uliofika ukingoni ni diski ya kutupa siku hiyo hiyo, hata kama unene bado upo.

Pima pia pedi zenyewe. Pedi mpya huwa na milimita 10 hadi 12 za kitambaa. Mjini unaweza kuitumia hadi ibaki 3. Uwanjani usianze siku ukiwa chini ya 6, kwa kuwa kitambaa ndicho kinachozuia joto lisifike kwenye mafuta, na kinapokuwa chembamba kinaisha pia kwa kasi zaidi. Pedi zilizobaki milimita 5 zirudishe kwenye gari la mjini kama ni za pande mbili. Za mbio zikifika hapo, zitupe, na usikubali mtu akuombe azifunge kwenye gari la mke wake.

Ukipakia vifaa vya kurudi nyumbani, kanyaga pedali mara moja gari likiwa limesimama. Ikizama kuliko ilivyokuwa asubuhi, toa upepo hapo hapo uwanjani, ndiyo maana spana ya kutolea upepo, chupa ya mafuta mapya na mpira mwembamba vinatakiwa viwe butini. Huna? Omba kwa jirani, au upakie gari kwenye lori.